Dawa ya Deni: Jack Tramiel na Vita vya Bei ya Kompyuta

Mama lishe hununua unga kwenye duka la jirani, hupika chapati, huuza, hupata riziki yake. Mwenye duka naye huwategemea wateja kama yeye. Lakini ikitokea siku mwenye duka akaona faida iko kwenye chapati kuliko kwenye unga, akaweka jiko barazani na kuuza chapati kwa bei iliyo chini ya gharama ya unga anaomuuzia mama lishe, basi mama lishe hana pa kukimbilia. Akishusha bei, anakula hasara. Asiposhusha, wateja wanamhama. Kumbe siku zote mwenye unga ndiye aliyekuwa mwenye bei.

Katikati ya miaka ya 1970 hayo yalimpata Jack Tramiel, mkuu wa kampuni ya Commodore iliyouza vikokotoo Amerika Kaskazini na Ulaya. Chipu za vikokotoo hivyo alizinunua kwa Texas Instruments. Kampuni hiyo ikaingia yenyewe sokoni, na kufikia mwaka 1975 ilikuwa inauza vikokotoo kamili kwa bei ambayo Commodore isingeweza hata kununulia vipuri vyake. Commodore ilifunga mwaka kwa hasara ya takriban dola milioni 5. Miaka 8 baadaye, Oktoba 1983, Texas Instruments ilitangaza kujitoa katika biashara ya kompyuta za nyumbani baada ya kupoteza mamia ya mamilioni ya dola. Aliyeitoa nje alikuwa yuleyule mama lishe, safari hii akiwa na mashine yake mwenyewe ya kusaga.

Ni katika miaka hiyo 8 ambapo kompyuta ilitoka maofisini na kuingia sebuleni kwa watu wa kawaida. Ndiyo maana maisha ya Tramiel yanastahili kusomwa kama historia ya bei: nani huiamua, hushukaje, na ikishashuka inaacha nini nyuma yake.

Kijana wa Łódź

Alizaliwa tarehe 13 Desemba 1928 katika mji wa Łódź, Poland, mji wa viwanda vya nguo, katika familia ya Kiyahudi. Jina lake la kuzaliwa lilikuwa Idek Trzmiel. Septemba 1939 majeshi ya Ujerumani yaliivamia Poland, na mwaka uliofuata Wayahudi wa Łódź walifungiwa katika geto lililozungushiwa uzio. Geto hilo liligeuzwa karakana kubwa: watu waliachwa waishi kwa kadiri mikono yao ilivyowafaa waliowafunga. Mtoto Trzmiel alifanya kazi katika kiwanda cha nguo.

Agosti 1944 geto lilifutwa na waliosalia wakapakiwa kwenye treni kwenda Auschwitz. Huko mama yake Idek alitenganishwa na mumewe na mwanawe. Idek na baba yake walichaguliwa kwa kazi na kupelekwa Ahlem, kambi iliyo karibu na Hannover, Ujerumani. Baba hakutoka humo akiwa hai. Tarehe 10 Aprili 1945 askari wa Divisheni ya 84 ya jeshi la Marekani walifika Ahlem na kuwakuta wafungwa wachache waliobaki, wengi wao wakiwa mifupa na ngozi. Idek alikuwa na miaka 16. Mama yake naye alinusurika.

Wapo wanaoyaeleza yote aliyoyafanya baadaye kwa makambi: ukali wake, haraka yake, kutomwamini mtu. Maelezo hayo ni mepesi mno. Manusura wengine waliotoka lango lilelile walikuja kuwa washonaji, walimu, wenye maduka madogo, na hawakumpiga mtu vita vya bei. Linaloweza kusemwa ni dogo zaidi: alitoka Ulaya akiwa amejionea mahali ambapo uhai wa mtu uliandikwa kwenye daftari la hesabu, na tangu hapo hakuliacha daftari lake likae mikononi mwa mtu mwingine kwa hiari yake.

Mwaka 1947 alimwoa Helen Goldgrub, aliyenusurika kambi ya Bergen-Belsen, na mwaka huohuo akahamia Marekani. Alijiunga na jeshi la nchi iliyomwokoa, na humo akafundishwa ufundi uliompa mwanzo wa maisha: kutengeneza taipureta na mashine nyingine za ofisi. Alipotoka jeshini aliendesha teksi New York na kukarabati taipureta. Mapema katika miaka ya 1950, akiwa na mshirika, alifungua duka lake la ukarabati katika eneo la Bronx.

Cheo cha baharini

Biashara ilipokua ilihitaji jina. Tramiel mwenyewe alisimulia kwamba alitaka cheo cha kijeshi, lakini Jenerali na Admirali vilikuwa vimeshachukuliwa na makampuni mengine. Kikabaki Commodore, cheo cha afisa wa jeshi la majini aliye chini ya admirali.

Mwaka 1955 alihamishia biashara Toronto, Kanada. Taipureta alizotaka kuuza zilitoka Chekoslovakia, nchi ya kambi ya Kisovieti, na katika siku zile za Vita Baridi mlango wa Kanada ulikuwa wazi kuliko ule wa Marekani. Zilikuja vipande vipande, zikaunganishwa Kanada na kuuzwa kwa jina la Commodore. Hapo ndipo somo la kwanza lilipomfikia. Taipureta za bei nafuu kutoka Japani zilianza kumiminika, na wauzaji wa Amerika Kaskazini wakashindwa kuzihimili. Tramiel akageukia mashine za kujumlisha hesabu. Miaka michache baadaye Wajapani wakaja na hizo pia.

Kabla hajapata jibu, msiba mwingine ukaingia. Commodore ilikuwa ikipata fedha zake kwa kampuni ya mikopo ya Kanada iliyoitwa Atlantic Acceptance, ambayo mkuu wake, C. Powell Morgan, alikuwa pia mwenyekiti wa bodi ya Commodore. Juni 1965 Atlantic ilianguka, na anguko lake likawa mojawapo ya kashfa kubwa kabisa za fedha katika historia ya Kanada. Serikali iliunda tume ya uchunguzi. Tramiel hakushtakiwa, lakini mabenki yalimkimbia na jina lake likabaki na doa.

Aliyemwokoa ni Irving Gould, tajiri wa Kanada, aliyeweka takriban dola 400,000 mwaka 1966. Fedha hizo ziliiokoa Commodore, na kwa fedha hizohizo Gould alikaa kwenye kiti ambacho Tramiel hangeweza kumtoa. Kwa miaka 18 iliyofuata, Tramiel aliendesha kampuni na Gould aliishika hatamu ya fedha.

Gould ndiye aliyemshauri aende Japani akajifunze kwa wanaomshinda badala ya kuwalalamikia. Tramiel alikwenda, akaona vikokotoo vya elektroniki, na akarudi na biashara mpya. Mwanzoni mwa miaka ya 1970 Commodore ilikuwa miongoni mwa majina makubwa ya vikokotoo. Kisha Texas Instruments, iliyokuwa ikimuuzia chipu, ikaweka jiko barazani.

Mashine ya kusaga

Aliyeumwa na nyoka akiona ung'ongo hushtuka. Badala ya kutafuta muuza chipu mwingine mwenye maneno matamu zaidi, Tramiel aliamua kununua kiwanda cha chipu. Mwaka 1976, kwa msaada wa Gould, Commodore iliinunua MOS Technology, kampuni ndogo ya Pennsylvania ambayo nayo ilikuwa hoi kwa sababu ya vita vilevile vya vikokotoo.

Alidhani amenunua chipu za vikokotoo. Ndani yake alimkuta mhandisi Chuck Peddle na kitu kilichoitwa 6502. Hiyo ilikuwa prosesa, chipu inayoweza kuwa ubongo wa kompyuta nzima. Mwaka 1975, katika maonyesho ya biashara San Francisco, Peddle na wenzake waliiuza kwa dola 25, wakati prosesa za Intel na Motorola ziliuzwa kwa zaidi ya dola 100. Mmoja wa waliovutwa na bei hiyo alikuwa Steve Wozniak, aliyejenga juu yake kompyuta ya kwanza ya Apple.

Peddle alimwambia bosi wake mpya kwamba vikokotoo vimekwisha na zama za kompyuta zimeanza. Tramiel alimsikiliza. Hii ni sifa yake ambayo husahaulika kwa sababu ya sifa zake nyingine: hakuwa mhandisi, hakujifanya mhandisi, na alipomwona anayejua alimpa kazi na tarehe ya kuimaliza. Commodore ilifikiria hata kuinunua Apple, iliyokuwa ikiendeshwa kutoka kwenye gereji, lakini bei aliyoitaja Steve Jobs ilionekana kubwa mno.

Kompyuta ya Peddle, iliyoitwa PET, ilionyeshwa kwa mara ya kwanza Januari 1977. Ilikuwa imekamilika katika chombo kimoja: skrini, kibodi na kinasa cha kaseti cha kuhifadhia programu. Kila sehemu yake ilionyesha ubahili wa Tramiel. Vitufe vya kibodi vilikuwa vidogo na vya mraba kama vya kikokotoo, maana kampuni ilikuwa inavitengeneza tayari. Kasha lilikuwa la bati kwa sababu Commodore ilikuwa na karakana ya makabati ya ofisi Kanada. Lugha ya kuandikia programu, BASIC, ilitoka kwa Microsoft, kampuni changa ya Bill Gates, na Commodore iliilipia mara moja tu, bila mrabaha kwa kila kompyuta iliyouzwa. Programu hiyo iliendelea kutumiwa katika mamilioni ya kompyuta za Commodore bila kampuni kutoa senti nyingine kwa kila moja. PET ilipendwa sana mashuleni Kanada na katika ofisi za Ulaya, na mwaka 1977, pamoja na kompyuta za Apple II na TRS-80, ikafungua mlango wa kompyuta zinazonunuliwa zikiwa tayari kutumika.

Kompyuta kwenye rafu ya duka la kawaida

Mwaka 1980, katika mkutano wa wakuu wa kampuni uliofanyika Uingereza, Tramiel alitaka kompyuta ya rangi inayouzwa kwa bei ya chini ya dola 300. Wengi mezani walipinga. Peddle na wenzake walitaka kupanda juu, kwenye mashine kubwa za biashara zenye faida nono. Tramiel alikuwa akiwaza Japani. Ilikuwa imeshamng'oa kwenye taipureta, ikamng'oa kwenye mashine za kujumlisha, na alikuwa na hakika itakuja kwenye kompyuta. Hoja yake ilikuwa kwamba njia ya kuwazuia Wajapani ni kufika kabla yao kwenye bei ambayo wao wangeifikia.

Matokeo yake yalikuwa VIC-20. Ilianza kuuzwa Japani kwenyewe, kisha Marekani mwaka 1981 kwa dola 299.95. Kumbukumbu yake ilikuwa kilobaiti 5, kiasi kisichotosha picha moja ya simu ya leo. Haikuwa na skrini. Mnunuzi aliichomeka kwenye televisheni aliyokuwa nayo. Kilichokuwa kipya zaidi ni mahali ilipouzwa. Hadi hapo kompyuta ziliuzwa kwa mawakala maalumu, wauzaji waliovaa tai na kumweleza mteja kwa nusu saa. VIC-20 iliwekwa kwenye rafu za maduka makubwa ya kawaida, karibu na vifaa vya kuchezea vya watoto, na mtu aliweza kuitia kwenye kikapu pamoja na sabuni. Ikawa kompyuta ya kwanza duniani kuuza nakala milioni 1.

Moja ya nakala hizo ilinunuliwa na babu mmoja huko Helsinki, Finland, ambaye mjukuu wake aliitwa Linus Torvalds. Mtoto huyo alijifunzia kuandika programu kwenye VIC-20 ya babu. Alipokuwa mwanafunzi wa chuo kikuu aliandika Linux, na kiini cha Linux ndicho kinachoendesha simu za Android, zikiwemo zilizomo mifukoni mwa wengi wanaosoma makala haya. Kompyuta ya babu isingekuwa rahisi, huenda isingefika nyumba ile.

Namba 64

Ndani ya MOS Technology, wahandisi vijana walikuwa wamebuni chipu mbili: moja ya picha na nyingine ya sauti. Mwishoni mwa mwaka 1981 Tramiel aliwaamuru wazigeuze kuwa kompyuta yenye kumbukumbu ya kilobaiti 64, tayari kwa maonyesho ya Las Vegas ya Januari. Yalibaki majuma machache. Kumbukumbu zilikuwa bado ghali, lakini alikisia kwamba kufikia wakati wa kuuza bei yake ingekuwa imeshuka, na ikawa hivyo.

Katika maonyesho ya Januari 1982 washindani walisimama mbele ya Commodore 64 wakiuliza inawezekanaje. Bei iliyotajwa ilikuwa dola 595, wakati Apple II yenye kumbukumbu ndogo zaidi iliuzwa kwa zaidi ya dola 1,000. Jibu lilikuwa MOS. Chipu kuu za kompyuta hiyo zilitoka kiwanda cha nyumbani, kwa gharama ya uzalishaji, bila faida ya mtu wa kati. Wahandisi walipokosea, walijaribu marekebisho kiwandani kwao bila kusubiri foleni ya mtu. Kuitengeneza Commodore 64 moja kuligharimu takriban dola 135. Kwa hiyo Tramiel alikuwa na nafasi ya zaidi ya dola 400 ya kushuka nayo, na alishuka nayo karibu yote.

Texas Instruments ilikuwa na kompyuta yake ya nyumbani, TI-99/4A, iliyoanza kuuzwa mwaka 1981 kwa zaidi ya dola 500. Mwaka 1982 ilitoa punguzo la dola 100. Commodore ikashusha VIC-20. Texas Instruments ikashuka tena. Kisha Commodore ikatangaza kwamba yeyote atakayeleta kompyuta au mashine ya michezo ya kampuni nyingine, hata iwe mbovu, atapunguziwa dola 100 akinunua Commodore 64. Wanunuzi wajanja walinunua kompyuta ndogo za Timex Sinclair, ambazo bei yake ilikuwa imeporomoka chini ya dola 50, wakazipeleka kwa Commodore na kubaki na faida. Katikati ya mwaka 1983 TI-99/4A iliuzwa dola 99, chini ya gharama yake, na Commodore 64 ilipatikana kwa takriban dola 200. Oktoba, Texas Instruments ikanyanyua mikono. Kampuni za Timex na Mattel nazo hazikukawia kutoka.

Waandishi wengi wameviita vita hivyo kisasi. Waswahili tunasema dawa ya deni ni kulipa, na ni kweli deni la mwaka 1975 lililipwa na riba yake. Lakini chuki peke yake haishushi bei. Kama Tramiel angekuwa bado ananunua chipu kwa wengine, hasira yake yote isingemfikisha dola 200, angefilisika njiani. Alichokifanya ni kupeleka vita mahali ambapo yeye ndiye mwenye unga. Mwaka 1983 mauzo ya Commodore yalipita dola bilioni 1, na Commodore 64 ikaendelea kuuzwa hadi miaka ya 1990. Makadirio ya nakala zilizouzwa huanzia milioni 12 kwenda juu, na kwa miaka mingi imetajwa kuwa aina moja ya kompyuta iliyouzwa kuliko zote.

Biashara haigombi

Ipo methali ya wafanyabiashara wa pwani yetu isemayo biashara haigombi. Tramiel aliamini kinyume chake: kwake biashara ilikuwa vita, na alilisema hilo waziwazi. Mameneja wake hawakuruhusiwa kutumia fedha bila yeye kujua, hata kwa malipo madogo. Aliingia ofisini bila taarifa, akapekua ankara, akapiga kelele, akafukuza. Wafanyakazi walikuwa na jina la mashambulizi hayo, na marais wa tawi la Marekani walipita mmoja baada ya mwingine. Wauza vipuri walilipwa kwa kuchelewa, na wengine walibanwa hadi tone la mwisho.

Methali ile haikuzungumzia adabu peke yake. Ina hesabu ndani yake. Mawakala waliojaza maghala kwa bei ya Jumatatu walikuta Jumatano bei imeshuka na mali yao imekuwa hasara. Wale waliojenga jina la PET kwa kuwafundisha wateja walishuhudia kompyuta zile zile za Commodore zikiuzwa kwenye maduka makubwa kwa bei wasiyoweza kuifikia. Wengi walihama na hawakurudi. Kila aliposhusha bei, Tramiel alipata wateja wapya na kupoteza watu wa kumuuzia.

Na nyumbani kwake fahali walikuwa wawili katika zizi moja. Tarehe 13 Januari 1984, ikiwa ni miezi michache tu tangu ushindi dhidi ya Texas Instruments, Tramiel na Gould walikorofishana, na aliyetoka ni Tramiel. Sababu zimesimuliwa kwa namna tofauti: nafasi ya wanawe watatu katika kampuni, matumizi ya Gould, nani hasa mwenye neno la mwisho. Chini ya zote kuna hisa zilizonunuliwa mwaka 1966. Tramiel alikuwa amekikomboa kiwanda cha chipu kutoka mikononi mwa wengine, lakini hakuwahi kuikomboa kampuni yenyewe. Nafasi yake akapewa Marshall Smith, mtu aliyetoka katika biashara ya chuma.

Upande wa pili wa uwanja

Alipumzika miezi michache. Mwezi Julai 1984 kampuni yake mpya, Tramel Technology, iliyoandikwa bila herufi i ili watu walitamke jina vizuri, ilinunua biashara ya kompyuta na michezo ya nyumbani ya Atari kutoka Warner Communications. Atari ilikuwa imepoteza zaidi ya dola milioni 500 mwaka uliotangulia, na Warner ilitaka tu kuitua. Tramiel hakutoa fedha taslimu. Alitoa hati za ahadi ya kulipa zenye thamani ya dola milioni 240. Kisha akakata. Maelfu ya waliokuwa wafanyakazi wa Atari walibaki mamia. Wanawe Sam, Leonard na Garry walishika nafasi za juu, na safari hii hapakuwa na Gould.

Wahandisi kadhaa wa Commodore walimfuata. Mkuu wao alikuwa Shiraz Shivji, mzaliwa wa Tanzania aliyesomea Uingereza kabla ya kwenda Marekani. Yeye na kikosi chake kidogo waliibuni Atari ST kwa takriban miezi 6, ikaonyeshwa Januari 1985. Ilitumia prosesa ya Motorola 68000, ileile ya Macintosh ya Apple, ilikuwa na madirisha na kipanya, na iliuzwa kwa dola 799 pamoja na skrini yake, wakati Macintosh ilitoka kwa dola 2,495. Watani waliiita Jackintosh. Ilikuwa na matundu ya kuunganishia vinanda vya elektroniki, jambo dogo lililoifanya iwe mashine ya studio za muziki kote Ulaya. Programu ya Cubase, inayotumiwa na wanamuziki hadi leo, ilizaliwa juu yake mwaka 1989.

Kwa muda ilionekana historia itajirudia. Commodore nayo ilikuwa imeinunua kampuni ndogo ya Amiga, ambayo awali ilikuwa imekopa dola 500,000 kwa Atari, na pande mbili zikapelekana mahakamani. Tramiel aliipiga vita nyumba aliyoijenga, kwa silaha ileile aliyoiachia.

Ila silaha ilikuwa imepungua makali. Atari haikuwa na kiwanda chake cha chipu. Prosesa ilitoka Motorola, kwa bei ya Motorola. Mawakala wa Marekani walikumbuka ya 1983 na wengi walisita kuweka mali yake. Na soko lenyewe lilikuwa limebadilika. Wanunuzi wa ofisini waliifuata IBM na wote walioinakili, kwa sababu programu zao zilikuwa huko. Mtu mwenye faili zake zote katika mfumo mmoja hahamishwi na punguzo la dola 200. Bei ilikuwa imefungua mlango wa kompyuta. Waliokwishaingia walikuwa wanauliza maswali mengine.

Mwaka 1987 Atari ilinunua mtandao wa maduka ya vifaa vya elektroniki ili ijiuzie yenyewe, na ukaigharimu hasara kubwa. Mashine ya michezo ya Jaguar, ya mwaka 1993, haikufua dafu. Mwaka 1996, baada ya Sam aliyekuwa akiiendesha kupatwa na ugonjwa wa moyo, kampuni iliunganishwa na JTS, watengenezaji wa diski, na jina la Atari likapita mkono hadi mkono. Commodore haikufika hata hapo. Bila Tramiel, iliishiwa fedha na kufungwa mwezi Aprili 1994.

Deni la mwisho

Mwezi Desemba 2007, katika Jumba la Makumbusho ya Historia ya Kompyuta huko Mountain View, California, mzee wa karibu miaka 79 alikaa jukwaani pamoja na Steve Wozniak, kuadhimisha miaka 25 ya Commodore 64. Ukumbini walijaa watu wazima waliojifunza kazi zao kwenye kompyuta waliyonunuliwa na wazazi wasiokuwa na fedha nyingi. Jack Tramiel alifariki dunia tarehe 8 Aprili 2012, akiwa na miaka 83.

Alikuwa miongoni mwa waanzilishi wa Jumba la Makumbusho ya Maangamizi ya Wayahudi mjini Washington, lililofunguliwa mwaka 1993. Katika jumba hilo kuna maandishi yaliyochongwa kwenye jiwe kwa ajili ya askari wa Divisheni ya 84 aliyeitwa Vernon Tott. Tott alikuwa kijana siku jeshi lilipoingia Ahlem, na alikuwa na kamera. Alipiga picha wafungwa aliowakuta, akarudi kwao Iowa, akaziweka kwenye sanduku la viatu. Karibu miaka 50 baadaye aliposikia kwamba mmoja wa walionusurika anamtafuta mpiga picha, alizitoa na kutumia miaka yake iliyobaki kuwatafuta watu waliomo. Jiwe linamtaja kama mkombozi na shujaa, na aliyeliagiza ni Tramiel.

Mtu huyu alijadiliana na kila aliyemdai: muuza chipu, wakala, mfanyakazi, hata mshirika aliyemwokoa. Kila ankara iliyopita mezani pake aliikata. Ya Tott hakuwahi kuletewa, lakini aliiandika mwenyewe, kwenye jiwe, na hakupunguza kitu.